Komeo la Ndani

Kwa Msabah mtu hagongi msumari kabla ya kusema. Hiyo ndiyo sheria ya karakana yake ya milango, pale Kiponda, na kila mfanyakazi huambiwa siku ya kwanza, kabla hajaoneshwa pa kutundika mkoba. Unasema "Nagonga," unangoja aitikie "Gonga," ndipo nyundo ishuke. Ubao hautupwi, unalazwa. Wala hakuna anayemjia bwana huyu kwa upande wa kushoto, maana sikio la kushoto lilibaki Kongo, alikokwenda na walinda amani, pamoja na vidole viwili na usingizi wake.

Kidawa aliishika sheria hiyo tangu alipoajiriwa kupaka milango mafuta na kusugua misumari yake ya shaba. Alikuwa mtalaka wa miaka thelathini na kitu, akikaa Jang'ombe kwa ami yake, Mzee Mudrik, aliyemlea tangu babake alipofariki. Msabah hakuwa mtu wa kusifu. Lakini alianza kumwekea kahawa pembeni, kikombe kimefunikwa kisahani.

Amne, mwenzake wa kusugua, aliona.

"Kahawa yangu mie ina vumbi la mvule mwaka wa pili huu," alisema. "Yako imevaa kofia. Hujui, au unajifanya?"

"Mie nnakunywa tu."

"Kunywa, shoga. Ukifika chini utamkuta afande amekaa."

Kidawa alijua. Mume wake wa kwanza hakuwahi kumuuliza kitu kabla ya kukichukua. Huyu aliuliza hata akitaka kupita mbele yake. Akajikuta anaisikiliza sauti ile akiwa nyumbani, anakosha vyombo, na haipo.

Kisha ikaja ile siku ya mvua. Mabati yalinguruma, maji yakaanza kuingia kwenye mlango uliopakwa asubuhi, na Kidawa, kwa haraka ya kutaka turubai, akamgusa Msabah bega. La kushoto.

Hakuona alivyogeuka. Alijiona tu yuko ukutani, na ncha ya patasi iko shingoni. Uso ulikuwa wa Msabah, lakini macho yalikuwa yanamtazama mtu mwingine, mtu wa kuuawa. Mvua ilinyesha. Halafu macho yakarudi, patasi ikaanguka, na mwanamume yule akakaa chini kwenye maranda akisema "Nisamehe, nisamehe," mpaka neno likaisha sauti.

Kidawa hakumwambia mtu. Mkwaruzo ule, mwembamba kama njia ya sisimizi, aliufunika kwa mtandio.

Mfunguo Mosi, baada ya mwezi wa kufunga, Msabah akatuma posa.

"Msabah ameleta watu," alisema Ami Mudrik, wamekaa mkekani. "Unasemaje, mwanangu?"

Kidawa akashika mtandio pale pale palipokwaruzwa. Alitaka kusema ndiyo na akaogopa. Alitaka kusema hapana, akaogopa zaidi. Akatazama ukili wa mkeka.

Mzee akatabasamu. "Nshakufahamu. Kimya ni jibu."

Akaenda kujibu kuwa Kidawa amekubali. Alisahau kwamba kimya ni jibu la mwari. Mtalaka husema kwa ulimi wake. Labda machoni mwa mzee Kidawa bado alikuwa mwari, hajapata kuolewa wala kurudishwa.

Tangu hapo Kidawa akawa anafanya kazi huku anahesabu sauti. Mfuniko wa sufuria ukianguka, nani atamwambia kwanza? Radi itasema "Nagonga"? Na mtoto, akijaaliwa mtoto, atalia kwa ruhusa ya nani? Alijiona amelala kando ya mtu yule, kushoto kwake, anaogopa hata kugeuka.

Asubuhi moja akatangulia kufika karakana kabla ya wenzake, akazunguka kulia kwa Msabah.

"Hodi."

"Karibu, Bi Kidawa."

"Jibu uliloletewa si langu, Bwana Msabah. Ami alichukua kimya changu. Mie sijasema kitu."

Msabah akaweka randa chini, polepole. "Ni ile patasi."

"Naam."

"Unanichukia?"

"La. Namuogopa yule anayekuja."

"Hata mie namuogopa. Kamwambie ami yako hapana. Sitakasirika, na kazi yako ipo."

Nyuma yake, kwenye ghala la mbao, ulikuwa umepachikwa kwa kujaribiwa mlango mpya, mpana, hauna nakshi hata moja.

"Huo wa nani?"

"Nliutengeneza uwe wa chumba chako. Mie ningelala ukumbini. Komeo liko upande wa ndani, kwako. Halijapigwa misumari bado."

Kidawa akachukua nyundo na misumari, akaingia ghalani, akalishika komeo.

"Nagonga."

"Gonga."

Akagonga. Kupitia uwazi wa mlango aliona mabega ya Msabah yakiruka, ingawa alikuwa ameambiwa, na yeye mwenyewe akaruka kwa kuyaona. Alipomaliza akaufunga mlango, akasukuma komeo. Giza likawa na harufu ya mvule.

"Sukuma," alisema. "Kwa nguvu zako zote."

"Bi Kidawa."

"Sukuma."

Mlango ukatetemeka, vumbi likamwangukia. Ukatetemeka tena, kwa uzito wa mwili mzima. Komeo likashika. Akasikia upande wa pili mtu anahema, na kipaji cha uso kikilazwa kwenye ubao.

"Nimekubali," alisema Kidawa. "Huu ulimi wangu."

Mkono wake ulikuwa juu ya komeo. Hakulifungua mara moja.