Mtungi wa Saba

Mimi si mtu wa kuchagua hadithi. Nipe ya mapenzi, nitasoma. Nipe ya majini wanaoruka na nyumba mabegani, nitasoma. Wajukuu zangu hapa Kikuyu ya Dodoma wakiacha mezani vile vitabu vyao vya sungura na fisi vyenye picha, nakaa navyo mpaka chai inapoa, na wakinicheka nawaambia wakome, mie nilianza kusikiliza hadithi kabla baba zao hawajazaliwa. Kitu kimoja tu sikiwezi. Mtu akinianzishia hadithi, halafu akainuka katikati na kusema tutaendelea kesho, nakasirika hadi nagombana naye. Wanangu wanadhani ni uzee. Si uzee.

Nilizaliwa upande wa Haneti, enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, katika tembe la bibi yangu mzaa mama. Baba alikwisha kufa kwa ndui, sina hata sura yake kichwani. Tulikuwa wanne: bibi, mama, mimi, na mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye alikuwa hajaoa na alikuwa hana mpango wa kuoa hivi karibuni, maana alisema kila msichana aliyemwona alikuwa mzuri na hakutaka kuwakosea wengine.

Hadithi za bibi zilikuwa za watoto. Tukimaliza ugali wa uwele na mlenda, bibi alikaa pale pale motoni akaanza. Sungura amwibie fisi, fisi apigwe, sisi tucheke. Jua likiwa bado juu huwezi kumtoa neno. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia mchana, mtu mmoja wa nyumba hiyo atapotea njia asirudi. Bibi aliyaamini hayo vile vile alivyoamini kwamba mvua inanyesha kutoka juu.

Mjomba alileta za aina nyingine. Alikuwa ameajiriwa kwenye reli, kufyeka pori na kubeba mataruma, mpaka treni ikafika Dodoma. Kambini alilala pamoja na watu wa pwani, wa Tabora, wa kila mahali, na kila mmoja alikuwa na zake. Akarudi nyumbani na shuka mbili, Kiswahili, na kichwa kilichojaa watu ambao hatujapata kuwasikia: masultani, mabinti waliofungiwa ghorofani, majini wenye wivu, vijana wanaokonda kwa mapenzi hadi suruali zinawavuka. Bibi alisema hizo si hadithi, ni utovu wa adabu. Lakini hakuondoka, na mjomba akisita tu, bibi ndiye aliyeuliza yule binti ikawaje.

Mimi nilikuwa mwitikiaji. Kwetu msimuliaji haendi peke yake. Lazima awepo mtu wa kumwitikia kila anaposhusha pumzi, na asipoitikiwa ananyamaza na hadithi inafia hapo. Mama alikuwa akisinzia, bibi alikuwa akibisha. Kwa hiyo kazi ikawa yangu tangu nikiwa na miaka sita hivi. "Enhe," nasema. Anaendelea. "Enhe." Mjomba alikuwa akinitania kwamba bila mimi angekuwa bubu. Nilivimba kichwa, nisiseme uongo.

Halafu vita ya Wadachi na Waingereza ikaja. Sisi hatukuiona vita yenyewe. Tulichoona ni askari. Walikuja kwanza wakachukua ng'ombe, wakaja tena wakachukua uwele, na waliporudi mara ya tatu walitaka wanaume wa kubeba mizigo. Wa jirani zetu walikwenda watano. Hakurudi hata mmoja. Vijana wengine walikimbilia milimani, lakini mlimani hakuna maji, na askari walikaa tu visimani wakiwasubiri.

Mama ndiye aliyekata shauri. Majirani wakaambiwa kwamba mjomba amekwenda Kilosa kutafuta kazi. Yeye akaingia kwenye kihenge. Tulikuwa na vihenge vitatu chumba cha nyuma, yale mapipa makubwa ya fito yaliyokandikwa udongo, ambayo mtu mzima anaweza kusimama ndani. Vilikuwa vitupu, wala havikuwa vitupu kwa kupenda kwetu. Mjomba akaingia cha tatu, cha ukutani kabisa, mama akafunika juu, na chini kulikuwa na lile tundu la kutolea nafaka ambalo mkono wa mtoto unapita.

Alikaa humo tangu kupalilia hadi kuvuna. Usiku alitoka kunyoosha miguu. Mchana mama na bibi walikuwa shambani, na mimi niliachwa nyumbani kufukuza kuku na kumpa maji. Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Nilifundishwa la kusema mpaka nikalijua hata usingizini: mjomba yuko Kilosa. Nililisema vizuri. Jirani aliniuliza mara tatu kwa ujanja, nikalisema mara tatu.

Siku ya nne au ya tano mjomba akaniita kupitia tundu. Alisema atakufa, si kwa askari, kwa uchovu wa kutofanya kitu. Akaanza kunisimulia. Nilimwambia ni mchana. Akasema, "Humu ndani ni giza, mpwa wangu. Kwangu mimi ni usiku." Bibi alipogundua alimgombeza kweli kweli, akakipiga kihenge kwa kiganja kama anampiga mtoto. Mjomba akamwomba radhi. Kesho yake bibi alipokwenda shamba, tukaendelea.

Ilikuwa hadithi mpya. Alinisimulia kwa Kiswahili kitupu ili nijifunze, na pia kwa sababu mpita njia akisikia asielewe. Kijana mchunga punda anampenda binti wa kadhi. Jini naye anampenda binti huyo huyo. Jini anamchukua, anamfanya mdogo, anamtia ndani ya mtungi na kuuziba, na mtungi unapelekwa sokoni unauzwa. Kijana anazunguka dunia, soko hadi soko, nyumba hadi nyumba, anagonga kila mtungi kwa fimbo yake na kusikiliza. Mtungi wenye maji unalia hivi, mtungi mtupu unalia vile. Wenye mtu ndani hauwi na mlio wowote. Nilikuwa nimelala kifudifudi, sikio tunduni, "enhe, enhe," vumbi likiniingia puani, na sijapata kufurahi hivyo tena maishani mwangu, na wanaume wawili wamenioa. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba hadithi hiyo hakuipata kwenye reli. Aliitunga mle mle alimokaa.

Kila siku alinipa kipande. Siku ya mwisho kijana alikuwa amefika nyumba yenye mitungi saba. Amegonga sita. Nikasema enhe. Mjomba akasema kesho. Nilikasirika nikamnyima maji kidogo, kisha nikampa.

Kesho yake wakaja. Askari wawili na karani wa akida, mtu aliyetokea njia ya Kondoa, kanzu na kofia, mpole wa sauti. Mama na bibi walikuwa wamerudi kutoka shambani mapema. Karani alimwuliza mama kwa Kigogo kibovu, mama akajibu Kilosa. Askari wakaingia, wakachungulia kihenge cha kwanza, kitupu, wakatoka. Walikuwa wamechoka, na jua lilikuwa kali. Wakakaa kivulini ukutani kunywa maji kabla ya kuondoka. Bibi alibaki ndani. Mama alisimama mlangoni, mikono imekunjwa, anahesabu pumzi zake.

Nilimpelekea karani kibuyu. Nikasema, "Shikamoo." Mjomba alinifundisha hivyo.

Alishangaa. "Marahaba. Umejifunza wapi Kiswahili, mwanangu?"

"Kwa mjomba wangu. Yuko Kilosa."

Nilimtazama mama nikiwa nimejaa sifa. Mama hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, ila neno Kilosa alilisikia, akaitikia kwa kichwa kunikubali.

Karani akacheka. Akasema kwao Kondoa ana binti mkubwa kama mimi, mtundu kama mimi, halali bila hadithi. Akasema zake zimekwisha, kila siku anarudia zile zile hadi mtoto anamsahihisha. "Wewe huna hata moja ya kunipa nimpelekee?"

Ninayo, nikasema. Hiyo ndiyo akili yangu ilipofikia. Siri ilikuwa Kilosa, na Kilosa nilikuwa nimeilinda. Hadithi haikuwa siri, hakuna aliyenikataza hadithi. Sikuwa nimepata kuwa msimuliaji hata siku moja, siku zote mimi ni wa enhe, na sasa mtu mzima wa kanzu amekaa mbele yangu anasema "Enhe," na anasema mahali panapotakiwa. Nikampa yote. Kadhi, punda, jini, masoko. Nilitia na chumvi yangu. Hata askari mmoja aliacha kufunga kiatu akasikiliza. Mama pale mlangoni aliniona nikirusha mikono, akatabasamu kidogo. Alidhani namchelewesha mgeni kwa maneno ya kitoto tu. Hakuelewa neno hata moja.

"Akagonga mtungi wa sita," nikasema. "Mtupu."

"Enhe. Wa saba?"

"Wa saba sijui. Mjomba hajaniambia bado."

Karani alinirudishia kibuyu. Sijui mpaka leo kama alikuwa ananitega. Nimelifikiria miaka yote na jibu langu linabadilika kwa jinsi nilivyoamka. Nadhani alitaka tu kujua ikawaje, kama mimi. Uso wake ulishuka polepole, kama mtu aliyekumbuka kazi aliyotumwa. Akaniuliza taratibu, "Atakuambia lini?"

 Nilikuwa nimekwisha kuelewa, lakini nimechelewa.

Akainuka. Akaingia chumba cha nyuma na fimbo yake. Tulimsikia akigonga kihenge cha kwanza. Akagonga cha pili. Mama alinitazama, akatazama ndani, akanitazama tena. Nilitaka kupiga kelele, nikuambie kweli, nilitaka hata kuanguka nizirai ili wanishughulikie mimi. Nilisimama tu na kibuyu mkononi. Kabla hajagonga cha tatu mjomba akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi, bwana. Natoka."

Walimfunga kamba shingoni, kwenye mstari na wengine sita waliokuwa wanasubiri njia panda. Alikuwa amepauka kwa kukaa gizani, anafumba macho kwa jua. Mama alimpigia karani magoti, akashika kanzu yake, akaongea Kigogo, na karani akawa anasema "Pole, mama, pole," na kanzu yake anaivuta. Bibi hakutoka nje. Alisema ni mambo ya kusimulia mchana, akasema hivyo mpaka alipokufa, na hakupata kunilaumu kwa jambo jingine. Aliona wenye kosa ni wawili, msimuliaji na jua.

Niliwafuata mstari ule mbio. Mama hakuweza, bibi alikuwa amemshika. Nilipomfikia mjomba nilikuwa nalia siwezi hata kusema nisamehe. Akaniangalia. Askari akanisukuma, nikarudi tena, tukaenda sambamba hatua chache.

"Alikuwemo kwenye mtungi wa saba," mjomba akasema. Alikuwa anasema haraka. "Akatoka mzima. Wakaoana, wakarudi kwao. Unasikia?"

"Enhe," nikasema.

"Basi. Imekwisha. Rudi nyumbani."

Mjomba wangu hakupata kumaliza hadithi namna hiyo. Zake zilikuwa na mwisho unaokufanya ukose usingizi. Huo aliniokotea njiani, anipe kitu, nami nilijua hata wakati ule.

Niliporudi mama alikuwa amekaa chini mlangoni. Hakunipiga. Aliniuliza nilimwambia nini karani, nikasema hadithi, akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Na mjomba wako amekuambia nini kule? Nimewaona mnaongea. Amesema nini kuhusu mimi?"

Hakuwa amesema kitu kuhusu yeye. Pumzi yake yote aliitumia kwangu, kwa mtungi. Mama alikuwa ananitazama mdomoni. Ningemwambiaje?

"Amesema atarudi," nikasema. "Mvua zikianza. Amesema umwekee chakula."

Mvua hazikuanza. Wadachi wakaondoka, na njaa ikaja iliyofanya watu wachemshe ngozi walizolalia. Mama aliweka chakula. Kila tulipopata uwele, hata wa viganja viwili, alipima fungu lake akaligawa mara mbili, nusu akala, nusu akaenda nayo chumba cha nyuma. Nilimwona. Nilifungua mdomo mara nyingi, na kila mara nilipomtazama uso nikashindwa, kwa sababu lile neno ndilo lililokuwa linamwinua asubuhi. Akakonda. Bibi alimgombeza, akamwambia wafu hawali. Mama akajibu kwamba si mfu, ametuma salamu, muulizeni huyu mtoto. Wakanitazama wote wawili.

"Ametuma," nikasema.

Mama alikufa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Tulipomzika, bibi akaingia chumba cha nyuma, akatoka na kibuyu kilichojaa uwele hadi shingoni. Akausaga wote, akapika, akaniwekea mbele, nikala.