Mvua ya Kopo

Mwaka ule mdogo wangu alipoacha kulala, watu wema walinichosha kuliko watu wabaya. Wabaya walisema la kwao njiani wakapita. Wema waliingia ndani, wakaketi, wakanong'ona.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, baba na mama walipofariki wakifuatana, nikabaki na wadogo zangu watatu katika kibanja chetu, shamba la migomba lenye nyumba yetu, vilimani Muleba. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikaa mwendo wa saa moja kutoka kwetu, na ukoo ulimpa neno la mwisho juu yetu. Neno la kwanza, la katikati na kazi yote vilikuwa vyangu.

Aliyenifuata alikuwa binti wa miaka kumi na sita, mcheshi, mwenye mdomo mwepesi. Msimu wa mvua aliugua homa kali, tukadhani tunamzika. Akapona, lakini homa ikamwachia mlio masikioni.

"Dada, kuna nyenje kichwani," aliniambia. "Ni mmoja tu, lakini hapumziki hata kumeza mate."

Mchana, tukiwa shambani, nyenje huyo alivumilika. Shida ilianza jioni. Nyumba ikitulia, yeye alipaza sauti, na mdogo wangu alikaa kitandani hadi alfajiri akishika kichwa kwa mikono miwili. Baada ya wiki mbili alianza kulia kwa mambo madogo. Baada ya mwezi alimrushia mdogo wetu wa mwisho kikombe cha bati, akidai wanamsengenya, kumbe watoto walikuwa wakihesabu punje za maharage. Alisikia nusu ya maneno, nusu nyingine akaijaza mwenyewe, na alichojaza hakikuwa kizuri.

Kisha ikaja aibu ya salamu. Kwetu mkubwa akikuambia asubuhi "Orairota," anakuuliza umelalaje, nawe unapaswa kujibu kwamba umelala salama hata kama umekesha na jino. Baba mkubwa alimsalimia hivyo mbele ya wageni wake. Mdogo wangu alipiga magoti vizuri kabisa, akajibu, "Sijalala tangu mwezi uliopita, tata," yaani baba.

Ungedhani amemtemea mate. Jioni hiyo hiyo habari ilikuwa imefika barabarani: yule yatima wa pili amerukwa na akili.

Baba mkubwa hakuwa mtu mkatili. Laiti angekuwa, ningejua namna ya kupambana naye. Alikuja na dawa yake, nayo ilikuwa kimya. Mgonjwa wa kichwa, alisema, hutunzwa kwa utulivu. Kuku wahamie kwa jirani. Watoto wasicheze uani. Ndizi zimenywe nyuma ya nyumba, sufuria zisigongane. Nyasi tunazotandika sakafuni zikatwe mpya kila siku, zitandikwe nene, mtu akipita asisikike. Nani wa kukata nyasi hizo? Mimi. Nilirudi kutoka shamba la ujamaa mgongo umekakamaa, nikachukua mundu nikashuka bondeni, ili nyumba yangu iwe kama kanisa siku ya Ijumaa Kuu.

Na kadiri nilivyotandika, ndivyo binti alivyozidi kuharibika.

"Dada," alisema siku moja, "mmewanyamazisha wote isipokuwa yeye."

Nilimsikia, lakini sikumwelewa. Nilidhani ni mizaha yake. Nikaenda kukata nyasi nyingine.

Kwenye shamba la ujamaa alisinzia katikati ya mistari ya maharage, jembe mkononi. Balozi wa nyumba kumi aligonga ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, naye hakustuka. Watu walicheka. Lakini baba mkubwa alipoambiwa hakucheka. Alikuja kwetu, akaketi, akatafuna buni nilizomwekea, halafu akatoa uamuzi: maharage yakishavunwa, atampeleka kwa mganga mmoja ng'ambo ya Buganguzi anayetunza wenye akili zilizopotea. Sote tuliwajua waliokwenda kule. Mmoja alirudi baada ya miaka miwili, hakumtambua mama yake. Wengine hawakurudi.

"Tata, huyu si mwendawazimu. Hajalala tu," nilisema.

"Na kwa nini hajalala? Wewe ulikuwa shule, nieleze."

Shule ya darasa la tano haikuwa na somo hilo. Hasira zangu nikazimalizia kwenye kuni.

Nilimpeleka Bukoba, hospitalini. Mganga msaidizi alimmulika masikio kwa tochi, akasema ni masafi, mlio huo pengine umetokana na homa au dawa zake, na yeye hana cha kuuzima. "Asiwe na mawazo mengi," aliongeza. Nilitaka kumwuliza mawazo machache yanauzwa duka gani.

Tulirudi kwa lori lililobeba magunia ya chumvi, sisi tukiwa juu yake. Injini ilinguruma hadi meno yakagongana. Kabla hatujafika Kanazi nilimgeukia mdogo wangu nimwambie ashike kamba vizuri, nikamkuta amelala. Mdomo wazi, mate yanamtoka, kichwa kinaruka juu ya gunia. Tulipofika Kemondo dereva alizima injini akaenda kununua samaki. Papo hapo binti akafumbua macho, akashika kichwa. Dereva akarudi, akawasha, nasi hatujafika mbali akalala tena.

Nilikaa juu ya ile chumvi nikitamani kujipiga kofi. Miezi miwili nilikuwa nimemkatia nyasi yule nyenje, nikamtandikia, nikamfukuzia kuku wote wa kumpinga.

Lori sikuwa nalo. Bati la kugongwa na mvua sikuwa nalo pia. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, nayo mvua ikiinyeshea haisikiki. Basi nilichukua kopo la samli, nikalitoboa kwa msumari, nikalijaza maji, nikalitundika kwenye boriti juu ya kipande cha bati nilichopewa na mama jirani, na ndoo chini yake. Tundu moja lilitoa tone moja moja.

"Sasa nahesabu," alilalamika mdogo wangu gizani. "Nimefika mia nne."

Nikalitoboa zaidi, maji yakaisha kabla hatujamaliza kusali. Nikaharibu makopo matatu. La nne nililitoboa kwa sindano matundu mengi madogo, likatoa manyunyu, yakatawanyika juu ya bati kama mvua ya asubuhi. Usiku huo alilala mpaka nikamwamsha kwa kumtikisa.

Mama jirani alicheka akishika mbavu. "Wenzako wanajitegemea kwa mihogo, wewe umeanza na mvua!"

Maharage yalivunwa. Binti alikuwa amelala siku kumi na mbili mfululizo, rangi imemrudia, ametuchosha kwa mizaha. Baba mkubwa alikuja na mkoba wake wa safari hata hivyo. Nilimwonyesha kopo. Aliliangalia kama mtu aliyeonyeshwa mtoto asiye wake.

"Ndiyo dawa hiyo? Kichaa kimoja ndani ya nyumba hakikutosha?"

"Lala hapa, tata. Kesho ukitaka kumchukua, mchukue."

Nilisema hivyo nikijua angeweza kweli.

Alilala sebuleni, au alijaribu. Nilimsikia akigeuka, akikohoa, akisonya. Kwake yale manyunyu yalikuwa adhabu. Mwishowe aliinuka, akaingia chumbani kwetu akipapasa, akaliondoa kopo. Nilimwacha. Nyumba ikatulia tuli. Hata Salamu Maria tatu hazikutimia, binti akaketi wima, mikono kichwani, akaanza kuomboleza kwa sauti ya chini kama tulivyomzoea.

Baba mkubwa alisimama na kopo lake. Akamwita kwa jina la utoto. Binti hakuwa na masikio ya kumsikia. Mzee akanyoosha mikono kulirudisha, akaikosa boriti, maji yote yakamshukia kifuani. Nilimchotea mengine, akalitundika tena mwenyewe. Kisha akaketi kwenye ncha ya kitanda, amelowa, akamtazama binti hadi kichwa chake kikarudi juu ya mto.

Alfajiri alifunga mkoba wake.

"Atabaki hapa," alisema. "Na wewe usiende ukasema nililishika."

Alibaki. Nyenje naye alibaki. Hakuondoka hata mdogo wangu alipokuwa mke wa mtu na nyumba yake ya bati. Miaka minne, mpaka alipoolewa, nilishuka kisimani kila jioni kwa ajili ya ndoo mbili zaidi, wakati kijiji kizima kinapumzika, na kila usiku nililala hatua mbili kutoka kwenye lile kopo. Yeye alikoroma. Mimi nilisikia kila tone.