Tulivyoiwakilisha Congo kwenye mbio za theluji, sisi wakimbizi wa Bunia

Wakuu, heshima kwenu.

Kisa hiki nikikisimulia vijiweni watu wananiambia nipunguze bangi. Leo nakiandika kama kilivyonipata, sina cha kuongeza. Kiswahili changu ni cha Bunia, mtanivumilia.

Vita ya Ituri ilikuwa imechacha. Mimi nilikuwa mwalimu wa gymnastique, yaani mazoezi ya viungo, shule imefungwa, nimejihifadhi parokiani na mama yangu. Hapo ndipo nilipojuana na Ngabu, mkulima wa Djugu. Kwao kulichomwa, akafika Bunia na suruali aliyovaa tu.

Padri wetu alikuwa mzee wa Kizungu, tumwite Padri Anselmi. Mpwa wake, huko milimani Ulaya, alikuwa anaandaa mashindano ya kimataifa ya ski. Yaani watu wanafunga mbao ndefu miguuni, wanashuka mlima wa theluji.

Mpwa akataka na nchi zisizo na theluji zishiriki.

Padri akamjibu "Congo iko tayari" kabla hajamuuliza Mkongomani hata mmoja.

Basi mimi na Ngabu tukawa équipe nationale, timu ya taifa. Sifa yetu ilikuwa moja tu: hatukuwa na kazi nyingine.

Padri alikuwa na ski zake za ujanani, zimelala juu ya kabati. Tukazipaka mawese, tukawa tunashuka kwa zamu kilima cha majani nyuma ya parokia. Wakimbizi wenzetu walikuja kutazama kama sinema. Risasi zikilia, tunalala kifudifudi na mbao zetu miguuni. Zikinyamaza, Padri, ambaye ndiye coach wetu, anapiga filimbi, tunaendelea.

(Msicheke bado.)

Kimbembe kilikuwa kutoka Bunia. Mimi, Ngabu na Padri tulitakiwa tushuke Kasenyi, tuvuke ziwa kwenda Uganda. Njiani tukakuta barrière, kizuizi cha wanamgambo. Pembeni alikaa mtu amefungwa mikono nyuma. Hatukumuuliza kosa lake.

Kamanda akazishika zile ski, akazigeuza.

"Hii ni silaha gani?"

"Si silaha, afande," Ngabu akasema. "Ni ya kuteleza juu ya neige. Siye tunaenda mu championnat."

"Neige ni nini?"

"Ni mvua yenye kuganda."

"Mu Congo iko mvua ya kuganda?"

"Hapana, afande."

"Sasa weye unaenda mu championnat ya kitu yenye haiko? Na munachezea inchi gani?"

"Congo."

"Congo gani?"

Wakuu, wakati ule swali hilo lilikuwa linaua watu. Kila kikundi kilikuwa na Congo yake. Nilihisi mkojo unanitoka. Padri akafumba macho akaanza Salamu Maria kimoyomoyo.

Ngabu akasema, "Ile yenye itafika ya mwisho, afande."

Kamanda akacheka mpaka akajishika mbavu. Akaamuru nimwonyeshe hiyo ski.

Nikazifunga miguuni, nikajiachia kwenye mteremko wa vumbi. Nilikwenda vizuri kidogo, kisha nikaingia shamba la mihogo kichwa mbele.

Nikamsikia akiwaambia watu wake: "Hawa si ba-espion, si bapelelezi. Espion hawezi kuwa mujinga namna hii. Muache bapite."

Tukapita. Yule aliyefungwa alibaki pale pale, na mpaka leo sijui aliishia wapi.

Kampala tukahangaikia viza, tukapanda ndege, tukafika.

Baridi ile siwezi kuieleza. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya pua vinagandiana.

Siku ya ufunguzi timu zilipita na bendera zao. Timu nyingine zina madaktari na watu wa kupaka ski dawa. Sisi ni watatu, tukimhesabu na Padri.

Ghafla wakapiga fataki. PAA!

Sote watatu tukalala chini kwenye theluji, Padri akiwa wa kwanza. Watazamaji wakadhani ni mila yetu ya kubariki theluji. Wakapiga makofi. Timu moja ya jirani, kwa heshima, nayo ikalala.

Siku ya mbio Ngabu alitangulia. Aliteleza vizuri, halafu akaanguka, ski moja ikashuka bila yeye. Akaivua iliyobaki, akaibeba begani kama jembe, akatembea hadi mwisho akiwapungia watu mkono.

Zamu yangu, nusu nilishuka wima, nusu kwa makalio. Lakini nilifika. Watu waligonga kengele na kupiga kelele kana kwamba nimeshinda. Nikalia, machozi yakanigandia mashavuni.

Jioni Padri akaipigia simu ya satelaiti ya parokia kule Bunia, wakaniitia mama.

"Mutoto wangu, muko wazima?"

"Tuko wazima, mama. Tumekimbia leo. Tumeshuka mulima mbio sana."

"Yesu wangu! Na kule pia? Nani alikuwa anawafukuza?"

"Hakuna mutu, mama."

"Na risasi?"

"Hakuna risasi. Ni mchezo tu. Kila mutu anakimbia juu ya furaha."

Akasema polepole, "Hakuna mutu anawafukuza... Basi mubakie kule."

Ngabu alibaki. Ana familia huko, na watoto wake wanateleza kama samaki. Mimi sikumtii mama. Nilirudi kumchukua, nikamvusha ziwa, na hadi leo niko naye hapa Kampala. Kila mgeni akija anamsimulia kuhusu nchi ambayo watu hukimbia bure.

Nilichojifunza wakuu: amani siyo hotuba za kwenye redio. Amani ni kushuka mlima mbio bila kugeuka kutazama nyuma.

Wa kucheka sasa acheke. Ila kabla hujaondoka, tuandikie hapa chini: wewe mara ya mwisho umekimbia kwa raha tu ilikuwa lini?