Mtindi Niliouchemsha

Nimechoka na watu wanaoniuliza mwanangu ana nini. Ana pumu ya ngozi. Nimeshasema kanisani baada ya misa, nimeshasema kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na bado mtu anaangalia viwiko vya mtoto halafu anasogeza wa kwake. Haiambukizi. Inamtesa yeye, na mimi ninayefua mashuka yenye damu.

Mwaka ule alikuwa na miaka mitano. Baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba, na ule upepo wake mkavu, ilimpasua nyuma ya magoti mpaka akawa anatembea kama bibi kizee. Lakini kilichoniuma zaidi ni mambo ya chekechea. Asubuhi watoto hushikana mikono wakazunguka wakiimba, na wazazi walikuwa wamewakanya wa kwao wasimguse. Mwalimu alinieleza kwa aibu kwamba mwanangu huzunguka nje ya duara, na anayemshika mkono ni mtoto mmoja tu, binti wa jirani yangu mfugaji. Huyo mimi sikumhesabu. Nilichotaka ni ile mikono ipone, ishikwe na wote.

Daktari alinipa krimu, akaniambia nimpake mafuta ya mgando kila mara na niachane na sabuni. Mwisho akataja mtindi. Alisema kinga ya mwili wa mtoto huyu ni kama mgambo mgeni sokoni, anamkimbiza kila mtu hata asiye na kosa. Wapo bakteria wazuri kwenye maziwa yaliyogandishwa, wakifika tumboni wazima huenda wakaifundisha hiyo kinga kutulia. Alirudia neno huenda: watoto wengine wanapata nafuu, wengine hawapati kitu, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Mimi nilishika neno nafuu, mengine nikayaacha palepale kliniki.

Jirani yangu na watu wake walihamia huku na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Sisi wakulima wa ulezi na mahindi tunawanunulia maziwa, halafu tunawasema pembeni kwamba ni wachafu. Nilikwenda na ndoo yangu ndogo, nikamwamkia, akanijazia mtindi mzito kutoka kwenye kibuyu na kuniongezea. Nikashukuru. Nilipofika nyumbani nikaumimina kwenye sufuria, nikauchemsha.

Mtindi ukichemka unakatika, unabaki mabonge na maji ya kijani. Mtoto alilia, nikamshikilia, nikamnywesha. Miezi mitatu, kila siku ya Mungu! Magoti yalipata nafuu kwa mafuta. Mikono ikazidi kuharibika.

Niliporudi kwa daktari aliniuliza nampaje huo mtindi. Nikamjibu kwa kujisifu kwamba nauchemsha kwanza, vizuri kabisa. Akaweka kalamu chini.

"Mama, hao bakteria wote ulikuwa unawaua kabla hawajafika mdomoni."

Akanieleza taratibu: kinachochemshwa ni maziwa, yakishapoa ndipo yanagandishwa. Nimuulize anayeniuzia anafanyaje. Nilikasirika, sijui hata nilimkasirikia nani. Nikapanda bodaboda na mtoto wangu, nikashukia kwa jirani moja kwa moja.

Alikuwa anaosha vibuyu. Nilipomuuliza alishangaa, akasema maziwa huyachemsha siku zote kabla ya kuyagandisha, tangu mtoto wake mkubwa alipougua na wakamfundisha hospitali. Akanionyesha sufuria yenyewe, ilikuwa safi kuliko zangu. Akaniuliza kama mtindi wake ulikuwa na kasoro. Nikasema hapana, ni mzuri sana. Nilisikia aibu mpaka masikio yakapata moto.

Wakati tunaongea, watoto wetu walikuwa wameshashikana mikono, wanazunguka wawili tu pale uani, wanaimba ule wimbo wa shule. Mwanangu alikuwa anacheka. Alipogeuka akaona namwangalia, aliuchomoa mkono wake haraka, akanijia ameinyoosha mikono yote miwili, imepasuka mpaka kwenye vidole.

"Mama, nikanawe na sabuni?"

Kila siku akitoka shule nilikuwa namsugua kwa sabuni ya mche, mikono tu, kwa sababu ya yule mtoto mmoja anayemshika. Daktari alinikataza sabuni, nikaiacha mwili mzima isipokuwa hapo. Mwanangu alishazoea, alijua bila kuambiwa akimshika nani ndipo ananawa.

Jirani yangu alisikia. Akaangalia mikono ya mwanangu, akamwangalia binti yake, kisha akainama akaendelea kuosha kibuyu.