Vibisi Wawili na Kibao Chekundu

Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, nikibandika vibao kwenye maonyesho ya picha za ndege hapa Doha. Madam, msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu, alisema wazi: kosa moja la vibao, mtu anarudi kwao.

Mimi nilipewa vibisi wawili, ndege wa majini wa Amerika Kusini. Mmoja anaishi ziwa moja tu duniani, Junín huko Peru, na hawezi kuruka. Wa pili, wa Patagonia, huruka. Huzaliana kwenye maziwa ya nyanda za juu na kukimbilia pwani baridi ikizidi. Kibao chekundu ni cha aliye hatarini sana kutoweka. Cha chungwa ni cha aliye nyuma yake hatua moja. Nikabandika chekundu kwa asiyeruka, bila kutazama karatasi ya maelezo niliyopewa. Nitazame nini? Asiyeweza kuondoka namjua: dada yangu hajawahi kutoka Nakuru, na miaka yote nimemwonea huruma.

Asubuhi ya ufunguzi, ndani ya basi la kampuni kutoka kambi yetu ya Industrial Area, nikaifungua ile karatasi. Asiyeruka, ambaye ziwa lake linachafuliwa na migodi, ni chungwa. Chekundu ni cha yule anayeruka: kuna mnyama jamii ya kicheche, aliyeletwa na watu, anayemuulia hukohuko kiotani.

"Nimeharibu," nikamwambia mwenzangu wa kiti cha pembeni.

"Wee, nyamaza. Nani hapa anajua hao ndege? Ukisema umejichoma."

Njia nzima jasho likanitoka na AC inapuliza. Niliogopa, sina la kuficha. Lakini tulipoingia, Madam alikuwa tayari mbele ya picha, akiwasomea wageni kibao changu kwa sauti ya kujivunia.

"Madam, samahani. Vibao vya vibisi nimevibandika kinyume. Kosa ni langu."

Wote wakanigeukia.

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilidhani anayeweza kuruka ndiye yuko salama."

Hakucheka. "Vibandue. Jioni upitie ofisini uchukue barua yako."

Nilipokibandua, kile chekundu kikachanika pembeni. Saa ya chakula nikampigia dada yangu. Habari za ndege sikumwambia.

"Ile chumba yangu ya nyuma, bado iko?"

"Iko. Nafagia kila Jumamosi tangu uende."