Saini ya Fundi Aliyekuwa Matangani

Rajkala Rokaya alipanga chumba cha juu nyumbani kwetu mjini Surkhet, na mke wangu akamzoea kama mdogo wake wa kuzaliwa naye. Alikuwa mtu wa Humla, kule juu milimani ambako barabara ni ya kusikia na hata chumvi husafiri kwa ndege. Mfupi, mkavu wa maneno, mwenye mikono mipana ya mtu aliyekulia kwenye kuchunga mbuzi. Alikuwa rubani. Cheti alikuwa nacho. Ndege ndiyo hakuwa nayo. Alisomea Ufilipino, akarudi, na kwa miaka minne akabisha hodi kila mlango. Nchi yetu imejaa vijana wenye vyeti vya urubani wanaouza simu. Yeye alipata kazi ya kaunta pale kiwanjani, akiwapimia abiria mabegi, huku wanaume aliowashinda darasani wakipita mbele yake na mistari ya urubani mabegani.

Mwezi wa Push, katikati ya baridi, ukungu ukiwa umetufunika hadi saa sita mchana kila siku, aliitwa na Setopankh. Hilo ni shirika dogo la ndege tatu, linalobeba mchele, mabati na mafuta ya kupikia kwenda viwanja vya milimani. Rubani msaidizi wao mmoja alikuwa ameacha kazi. Rubani mkuu, Kepteni Udayaraj Shahi, alimkaribisha chai ya maziwa akamwambia nafasi ni yake akiitaka, ila atoe jibu ndani ya wiki moja.

"Hatujawahi kuangusha ndege hata moja," alimwambia. "Uliza popote."

Mke wangu alitegemea atarudi akirukaruka. Alirudi, akavua viatu, akaketi jikoni na kuanza kumenya vitunguu saumu. "Dada," alisema, "mtu akikwambia uulize popote, ujue huko kote ameshapita."

Hata hivyo aliuliza. Watu wa mnara wa kuongozea ndege walimwambia shirika ni safi. Makarani wenzake walimwambia kazi ni kazi. Mama yake alipiga simu kutoka Humla kuuliza siku atakayotua, maana kijiji kizima kilikuwa kimeshaambiwa. Rubani mmoja mstaafu, mzee mwenye kisukari anayeishi nyuma ya soko, ndiye pekee aliyemjibu vingine. Alimwambia asipoteze muda kuhesabu ajali, bali asome madaftari ya ukaguzi, kisha awatafute walioacha kazi.

Basi aliomba kuyasoma madaftari, akidai anataka kuizoea ndege. Kepteni alicheka, akamruhusu. Karani alimletea manne, yamepakaa manjano ya mchuzi, na kumkalisha ghalani juu ya magunia. Mle ndani mlinuka samli iliyooza na mkojo wa panya. Panya wenyewe walipita miguuni pake mchana kweupe, wanene, wakitoka gunia hili na kuingia lile, na vibarua hawakujisumbua hata kuwafukuza.

Daftari la ukaguzi ni kitu rahisi. Kila asubuhi fundi huikagua ndege, huandika alichokiona, hutia saini. Bila saini, ndege haipaswi kusogea. Saini ya fundi Dilliram ilikuwepo kila siku, nzuri, yenye mkia kama wa kiluwiluwi, na juu yake maneno yaleyale: hakuna hitilafu.

Siku ya pili Dilliram mwenyewe alimpelekea chai. Alivaa nyeupe ya msiba kuanzia kofia hadi viatu, na nywele zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaota baada ya kunyolewa. Rajkala alimpa pole. Fundi akamwambia ni baba yake, amefia Dailekh, na kwamba yeye, kama mtoto wa kiume wa pekee, alikaa siku zote kumi na tatu pembeni juu ya majani makavu, akijipikia mlo mmoja, haguswi na mtu wala hagusi. Rajkala aliuliza alifariki lini. Dilliram alitaja tarehe, akachukua glasi tupu, akatoka.

Rajkala alifunua kurasa. Siku kumi na tatu, saini kumi na tatu, kila moja na mkia wake. Siku ya saba ya matanga, ndege ile ilikuwa imepanda mlimani mara nne.

"Ni kama kukuta unywele kwenye wali," alitusimulia jioni. "Unauvuta, unakuja. Unavuta tena, bado unakuja." Chakula hakukigusa.

Kesho yake alimuuliza Kepteni waziwazi, akidhani ataona japo haya kidogo. Hakuona. Kepteni Shahi aliendelea kuchokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. "Dilliram hayupo, mkono wake upo," alisema. "Ulitaka tusubiri? Watu wako wa Humla wangekula nini, mdogo wangu?"

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli. Alipotoka nje alimkuta Dilliram kwenye gurudumu la ndege akijaza upepo. Kabla hajafungua mdomo, fundi aliinamisha kichwa. "Dada, nina watoto watatu. Niulize kitu kingine."

Jumamosi alipanda basi kwenda Chhinchu kumtafuta yule aliyeacha kazi, Lokendra Bohara. Alimkuta akifuga kuku wa nyama katika banda refu la mabati. Mwanzoni Lokendra alizungumzia chakula cha kuku tu. Rajkala alipomtajia saini za matangani, alicheka bila furaha, akamwambia hizo ni ndogo.

Miaka mitano nyuma, alisimulia, shirika likiwa na jina jingine, walikuwa wakitua kiwanja cha milimani cha Ripchaur na mzigo wa mchele. Breki zilikuwa dhaifu tangu wiki iliyopita. Aliliarifu shirika kwa mdomo tu, maana kuandika kulikatazwa. Ndege iliumaliza uwanja, ikagonga ukuta wa mawe. Mbele ya ukuta kulikuwa na mpagazi, Jaichan, aliyekuwa amekaa akisubiri magunia. Miguu yake ilibanwa chini ya gurudumu.

"Nani alikuwa kwenye usukani?" Rajkala aliuliza.

"Shahi. Akashuka, akapiga simu ofisini, akasikiliza. Pale kuna kopo la rangi nyeupe, ya kupaka mawe ya pembeni mwa uwanja. Akanipa brashi." Lokendra aliangalia viganja vyake. "Nikalifuta jina la shirika kwa rangi, dada, kabla watu hawajaanza kupiga picha. Jaichan alikuwa nyuma yangu anaomba maji, na mimi napaka herufi."

Baada ya miezi minne shirika lilibadili jina. Ndege zilibaki zilezile, mmiliki yuleyule. Setopankh kweli haikuwahi kuangusha ndege. Rajkala aliuliza mbona hakuna anayesema, na Lokendra akamjibu kwamba pale kiwanjani wote wanajua, lakini kila mmoja ana ndugu yake anayekula hapo. Yeye mwenyewe alibaki miaka mitano zaidi, hadi mwaka huu breki zilipolegea tena akaambiwa tena asiandike.

"Rangi naweza kusema nilichanganyikiwa," alisema. "Hiyo miaka mitano nisemeje?"

Rajkala alimuaga, akaenda kituoni kusubiri basi.

Jumatatu alikwenda kwa Kepteni na kumwambia haitaki kazi. Kepteni aliuliza sababu. Rajkala akasema alimtembelea Lokendra. Kepteni alikoroga chai yake taratibu, akalamba kijiko.

"Lokendra," alisema, "alikuwa na mkono mzuri wa rangi."

Rajkala alituambia kwamba hapo ndipo alipomwangalia vizuri kwa mara ya kwanza: kola iliyopigwa pasi, kucha safi, ule ulimi juu ya kijiko. Aliona kinyaa hata cha kuketi kwenye kiti chake. Alisimama. Kepteni akamkumbusha kwamba nyuma yake wapo hamsini. Alijibu kwamba anajua.

Mmoja wa hao hamsini, Prabesh, alisoma naye. Rajkala alimfuata, akamweleza yote, tarehe kwa tarehe. Prabesh alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa umeshaniambia. Usiniambie tena." Wiki iliyofuata alivaa mistari.

Rajkala aliandika barua kwa wakubwa wa usafiri wa anga, akinakili siku zote kumi na tatu. Mkaguzi alikuja. Alikula nyama ya mbuzi na Kepteni chini ya bawa la ndege, kila mtu akiwaona, akaondoka na ndege ya alasiri. Tangu hapo, nasikia, madaftari yanasainiwa kwa kalamu mbili tofauti, ili saini zisifanane. Hakuna ndege iliyoanguka mpaka leo. Prabesh akipita kaunta humpungia mkono, naye Rajkala humpungia. Vijana wa kiwanjani walimwita rubani wa mabegi. Mama yake hakuzungumza naye tangu Push hadi maua ya mlimani yalipochanua.

Ndipo alipoomba likizo, akapanda ndege ya kampuni anayoifanyia kazi ya kaunta hadi kiwanja cha jirani, akatembea siku mbili kwenda Ripchaur. Jaichan alikuwa kibarazani akisuka vikapu, mguu mmoja umekatwa juu ya goti, mwingine haukunji. Hakuwahi kulipwa chochote. Aliwahi kushushwa hadi Surkhet kulalamika, akaulizwa ni ndege ya nani, akashindwa kujibu. Hajui kusoma, na siku ile walipomtafutia mtoto wa shule alisome jina, ubavu wa ndege ulikuwa mweupe.

Rajkala alimtajia jina la shirika, la zamani na la sasa, na jina la mmiliki. Jaichan alimwomba arudie. Akarudia, kisha akamwandikia malalamiko, Jaichan akaweka dole gumba. Karatasi hiyo iko kwa wakili wetu hapa mjini, na kesi imeshaahirishwa mara tano.

Siku aliyotaka kushuka, mvua iliharibu njia ya kwenda kile kiwanja cha jirani. Kwenye kiwanja cha Ripchaur ilikuwepo ndege ya Setopankh, tupu, inarudi Surkhet, na Prabesh alimwita apande bure. Rajkala alifunga kamba za viatu akateremka kwa miguu, siku sita hadi barabarani. Alifika kwetu kucha mbili za miguu zimekuwa nyeusi, na mke wangu akampashia maji ya chumvi.