Wiki Wabwire Alipoanza Kurudisha Vitu

Hapa kijijini Rukanga, kitu kikiazimwa huhamia ukoo mwingine. Ndiyo maana mwaka juzi Thadeus aliporudisha ndani ya wiki moja kila alichowahi kuazima, watu walimsifu. Jembe, ngazi ya kanisa, hata chupa ya chai ya marehemu fulani, ambayo aliwakabidhi warithi. Jumamosi akajiua. Mazishini wasemaji wanne walitaja uaminifu wake. Namna alivyokufa, hakuna aliyeitaja.

Mkewe Lois, mshonaji wa sare za shule, tangu hapo ameulizwa mara nyingi, kwa heshima zote, "Kwani hukuona chochote?" Aliona. Aliona mume aliyekuwa kimya miezi mitatu akinyoa ndevu na kupiga mluzi. Akamshukuru Mungu.

Julai hii, Jumatano, wingu lilikuwa limeufunika mlima Kasigau hadi magotini. Lois alifungua mlango akakuta wilbaro yake kibarazani. Ilikuwa imeoshwa, gurudumu limetiwa mafuta, mishikio imemwelekea yeye. Miaka mitatu nyuma alikuwa amemwazimisha Wabwire, fundi wa mabomba kutoka Busia anayeishi nyumba ya tatu. Mbwa hakuwa amebweka.

"Hata mimi ameniletea sufuria!" Wayua, jirani, alipaaza sauti juu ya ua. "Inang'aa mpaka najiona meno. Yule ameokoka, Mama Abby."

"Si alikuwa hatoki nje?"

"Hiyo ni tangu Mei. Sasa amenyoa, anacheka na kila mtu. Mungu ni mwema."

"Mungu ni mwema," alisema Lois, akatoka bila kufunga mlango.

Barabarani alikutana na jirani mwingine, Kituku, amebeba spana za Wabwire, zote, kwenye mfuko uleule wa fundi. "Amesema nikae nazo tu," alisema Kituku kwa furaha. Fundi wa mabomba amegawa spana, na kijiji kizima kinaona ni ukarimu. Lois alihisi kama Thadeus anapita tena nyumba kwa nyumba, safari hii amevaa gambuti za mtu mwingine.

Nyumba ya Wabwire ilikuwa imefagiwa hadi pembeni. Alitabasamu, na Lois akalitambua lile tabasamu. Lilikuwa lilelile, limehamia uso mwingine.

"Karibu, Mama Abby. Wilbaro umeiona?"

"Nimeiona. Wabwire, unataka kujiua?"

Kwetu mtu huulizwa habari ya mvua, ng'ombe, goti. Hili haliulizwi. Inaaminika ukilitaja utaliita, kana kwamba halijafika.

Tabasamu likaanguka. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nakuuliza."

"Nimechoka, mama. Si ugonjwa. Nimechoka tu kuwa mtu."

Lois hakumwambia aombe, wala kwamba wako wenye shida kuliko yeye. Aliketi kizingitini, na Lois akiketi kizingitini hapiti mtu. Akampigia Ajiambo, dada yake Wabwire, aliyeko Voi. "Kuja sasa hivi. Si kesho." Kwa saa tatu nzima alimweleza Wabwire namna ya kupinda marinda ya sketi za shule. Ajiambo alipofika, walimpeleka hospitali wote wawili.

Hajapona. Anahudhuria kliniki, analalamika dawa zinamkausha mdomo. Kijijini wanasema Lois amemharibia mtu jina, amehamishia mambo ya mumewe nyumba ya watu. Yeye kila asubuhi hugonga mlango wa Wabwire mpaka ufunguke.

"Wewe mama huna kazi? Nenda zako huko!"

Nilimuuliza Lois kama haoni vibaya kutukanwa hivyo.

"Akinitukana, naenda kushona," alisema. "Akinishukuru kwa adabu, nakaa."